UZI: Supernatural iliishia wapi kwako, makaburini Stull au kwenye nondo ya bandani?

Mzee_wa_Impala (mleta mada)

Wakuu, kwanza tahadhari. Humu tunataja nani kafa, nani kafufuka na nani kafa tena. Kama ndiyo kwanza uko msimu wa pili, funga, kamalize, utatukuta.

Nimeirudia yote tangu mwanzo na kuna jambo limenikaa kooni. Tamthilia hii ina miisho miwili. Wa kwanza ni "Swan Song", episodi ya kufunga msimu wa 5, iliyorushwa Mei 13, 2010. Wa pili ni "Carry On", ya mwisho kabisa ya msimu wa 15, Novemba 19, 2020, ile ya Dean kufa kwa nondo ya chuma bandani. Msimamo wangu: hadithi ya Sam na Dean Winchester, wale ndugu wawili wawindaji wa mapepo, iliisha 2010. Yaliyofuata ni nyongeza. Kuna nyongeza tamu sana humo, sikatai, lakini ni nyongeza.

Kabla hamjanirukia, kumbukeni kwamba Eric Kripke aliyeibuni alikuwa na hadithi ya misimu mitano kichwani. Inaanzia kwa Azazel, pepo wa macho ya njano aliyemuua mama yao pale Lawrence, Kansas, akamwacha anaungua darini juu ya kitanda cha mtoto, na inafika mpaka Lusifa anatoka kifungoni. Msimu wa 5 ulipoisha Kripke akaachia usukani, Sera Gamble akaushika kuanzia wa 6. Kituo cha CW kilikuwa bado kinaitaka, basi safari ikaendelea.

Sasa tuingie "Swan Song" yenyewe. Inaanza na nini? Si malaika, si pepo. Inaanza na gari. Chuck, yule mwandishi mlevi tuliyemjua kama nabii, anatusimulia jinsi Impala ya 1967 ilivyotoka kiwandani Janesville, jinsi mwenyewe wa kwanza alivyozunguka nayo akigawa Biblia kwa maskini, mpaka ikaangukia kwenye yadi ya mitumba pale Lawrence, na John Winchester, baba yao, akaichukua. Dunia inaangamia kesho, jamaa anatupa historia ya gari! Nilivyoitazama mara ya kwanza nilitaka kuisogeza mbele.

Halafu anataja vitu vidogo. Kuna kiaskari cha plastiki, vile vya kuchezea watoto, ambacho Sam alikisokomeza kwenye kisahani cha majivu cha nyuma na hakikutoka tena. Kuna vipande vya Lego ambavyo Dean alivisukumia kwenye matundu ya hewa, mpaka leo wakiwasha joto vinagongana humo ndani. Kuna herufi za majina yao walizochonga. Na Dean alipolijenga gari upya baada ya lile lori kuligonga mwishoni mwa msimu wa kwanza, alihakikisha vyote hivyo vinabaki.

Kinachofuata mnakijua. Sam kanywa magaloni ya damu ya mapepo ili mwili uhimili, kamkubalia Lusifa aingie mwilini mwake kule Detroit, na mpango wa kujitupa naye shimoni umebuma. Dean anafika makaburini Stull peke yake, Def Leppard wanaunguruma kwenye spika. Castiel, malaika rafiki yao, anamrushia Mikaeli, malaika mkuu aliyekuja kupigana na Lusifa, chupa ya mafuta matakatifu yanayowaka. Lusifa anamsambaratisha Castiel kwa mlio wa vidole viwili tu, anamvunja shingo Bobby, yule mwindaji mzee aliyekuwa kama baba yao, kisha anamgeukia Dean na ngumi. Uso unavimba mpaka jicho halionekani. Amemkandamiza ubavuni mwa gari, anainua mkono amalizie, mwanga unapiga kwenye gari, anachungulia ndani. Anakiona kiaskari.

Hapo Sam anarudi. Bunduki ya Colt haikuhusika, malaika hawakuhusika. Kiplastiki kilichokwama kwenye kisahani ndicho kilichozuia kiyama. Gari lile tulikuwa tumepanda nao tangu Septemba 2005 na hakuna aliyejua kwamba jibu limelala siti ya nyuma. Huo ndio uandishi.

Niambieni, nondo ya kwenye banda ina nini cha kulingana na hapo? Karibuni.

---

Chumvi_ya_Mawe

Mleta mada nakuunga mkono asilimia zote. Niongeze kidogo kwa wasiojua: Stull ipo kweli. Ni kijiji kidogo karibu na Lawrence, na yale makaburi yake yana uvumi wa miaka mingi kwamba ni moja ya milango ya Kuzimu. Uvumi wenyewe ulipata nguvu gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kansas lilipoandika habari zake mwaka 1974. Kripke alishasema aliwafanya kina Winchester watu wa Lawrence kwa sababu ya ukaribu na Stull. Yaani tangu wanachagua kwao na hawa vijana, mwisho ulikuwa umeshapangiwa uwanja.

Ila walichokipiga picha si Stull. Ukiacha episodi ya kwanza kabisa iliyopigwa Los Angeles, tamthilia yote imechezwa Vancouver na vitongoji vyake, Kanada. Ndiyo maana Kansas yao ina misonobari na mvua kila wiki 😂

---

binti_Makadara

Mimi nakukatalia kweupe, Mzee wa Impala, na nitakwambia kwa nini.

Wewe unasema kiaskari kilizuia kiyama. Sawa. Sasa niambie, hadithi ile ya gari anaisimulia nani? Chuck. Nani anakaa mezani anaandika "mwisho", kavaa meupe, halafu anatoweka kama hakuwepo? Chuck. Na Chuck ni nani? Msimu wa 11 ukatuthibitishia kwamba ndiye Mungu wa hadithi hii, na mwisho wa msimu wa 14 tukajua ni Mungu wa namna gani: mtunzi anayewachezesha wale ndugu wawili kwa burudani yake. Maana yake ushindi wako wa 2010 umeandikwa na adui. Kile kiaskari amekitaja yeye mwenyewe mwanzoni ili kije kufanya kazi mwishoni. Kaupanga, kauandika, kausimulia, kasaini.

Nenda sasa msimu wa 15, episodi ya 10. Chuck kawaondolea ulinzi wa usteringi. Mara gari linazima njiani. Mara kadi ya benki inakataa. Sam anashikwa na mafua, Dean anapata meno yaliyotoboka na tumbo linamkataa kwa jibini. Watu wanaokula baga kila usiku tangu 2005! Wanakwenda kwa Garth, mbwamwitu ambaye siku hizi ni daktari wa meno, awazibe. Tulicheka, lakini pale ndipo tulipoambiwa waziwazi: hawa wamefika mpaka hapa wazima kwa sababu kuna mtu alikuwa anawaandikia wasife.

Episodi ya 19 Chuck anashindwa, ananyang'anywa nguvu, anaachwa binadamu mtupu kando ya ziwa. Hakuna tena mwandishi. Ya 20, Dean anaingia kwenye banda la kawaida, anapigana na vampaya wa kawaida, anasukumwa kwenye nguzo yenye nondo. Basi. Hakuna muhuri wa 66, hakuna unabii. Amekufa kifo cha mwindaji, kama walivyokufa wawindaji wengine wote tuliowazika. Hicho ndicho kifo cha kwanza cha Dean ambacho hakikuandikwa na mtu.

Wewe ulitaka afe kwa mbwembwe. Mbwembwe zilikuwa za Chuck.

---

Mzee_wa_Impala

Dada, hiyo nondo uliyoshusha ni nzito kuliko ile ya bandani. Lakini sishuki.

Kwanza, huwezi kuchukua siri ya msimu wa 14 ukaja kuitoza kodi episodi ya 2010. Wakati Kripke anaandika "Swan Song", Chuck hakuwa jitu katili. Alikuwa mwandishi aliyewapenda wahusika wake, na anakiri pale pale kwamba kumaliza hadithi ni kazi ngumu. Anavyoihitimisha ni kwamba hawa ndugu waliipiga teke hatima waliyowekewa na malaika pamoja na mashetani, wakachagua familia. Waliokuja nyuma ndio waliomgeuza awe adui. Ni haki yao, ila wasinirudishie bili.

Pili, hata nikikubali kifo cha kawaida, mbona kimewekwa kizembe? Dean kakwama kwenye nondo, anaongea dakika nyingi vizuri tu, anatoa wosia wote, anamkumbusha Sam usiku aliokuja kumchukua chuoni Stanford, anamwomba amwambie ni sawa aende. Sam anataka kuita msaada, Dean anasema kaa hapa na mimi. Ndugu zangu! Huyu Sam alishafunga safari mpaka Kuzimu. Leo gari la wagonjwa ndilo limemshinda?

---

mwanaKariakoo

😂😂😂 hili la gari la wagonjwa limeniua

---

binti_Makadara

Mzee, umekaa misimu 15 unatazama wanachofanyiana hawa watu kila mmoja akikataa kumwachia mwenzake. Dean kauza roho yake msimu wa 2 ili Sam afufuke, akapewa mwaka mmoja, mbwa wa Kuzimu wakaja kumtwaa mwisho wa msimu wa 3. Sam kakataa msiba huo, akaanza kunywa damu za mapepo, akaishia kumfungulia Lusifa mlango. Kila maafa ya tamthilia hii yanatoka kwenye neno moja: siwezi kukuacha ufe.

Ndiyo maana lile bandani ni zito. Kwa mara ya kwanza mmoja anaomba aachwe, na mwingine anamwacha. Anamwambia ni sawa. Kwa uso ule wa Padalecki, anayemwigiza Sam! Mimi sikuhitaji gari la wagonjwa, nilihitaji leso.

---

Trenchcoat_Nairobi

Wadau wa huu uzi mnapigania Impala na nondo kana kwamba hakukuwa na mtu wa tatu. Castiel yuko wapi?

Mtu ameingia msimu wa 4, Septemba 2008, akamtoa Dean Kuzimu, ameacha alama ya kiganja kwenye bega. Ameasi mbingu kwa ajili yao. Amekufa mara sijui ngapi. Novemba 5, 2020, episodi ya 18, anajitoa kafara: anamwambia Dean anampenda, na kwa sababu hiyo ndiyo saa yake ya furaha kamili, lile Tupu, giza wanakolala malaika waliokufa, linakuja linamchukua, kama mapatano yalivyosema. Siku ile Wamarekani wako katikati ya kuhesabu kura za Trump na Biden, na mtandaoni watu wanamlilia malaika wa koti la mvua. Misha Collins mwenyewe, anayemwigiza Castiel, alishatamka wazi kwamba lile lilikuwa tamko la mapenzi, si udugu tu.

Halafu? Dean anakaa chini sakafuni analia, simu inaita hapokei. Episodi ya 19, dakika chache. Ya 20 Castiel anatajwa tu: Bobby anasema alimsaidia Jack, yule mtoto wa Lusifa aliyechukua nafasi ya Mungu, kuirekebisha mbingu. Dean anatabasamu, anaingia kwenye gari. HATA HAMTAFUTI. Mbinguni kwenyewe, muda wote anao!

Na binti Makadara, hoja yako ya Chuck ni kali, ila umalizie. Msimu huo huo wa 15 Chuck anamwambia Castiel kwamba yeye ndiye hakuwahi kufuata maandishi, kwamba alitoka kiwandani na ufa kwenye chesisi. Matoleo yake mengine yote yalitii, huyu hakutii. Kama tunamtafuta mtu ambaye hakuandikwa na Chuck, ni Castiel. Na ndiye waliyemnyima kuonekana siku ya mwisho.

---

Chumvi_ya_Mawe

Trenchcoat, hapo inabidi tuwahurumie kidogo. Korona iliwakuta Machi 2020 wamebakiza episodi mbili tu, ya 19 na ya 20. Kazi ikasimama mpaka Agosti. Waliporudi ni vipimo, karantini, watu wachache kwenye seti. Walikuwa wamepanga Dean akifika mbinguni aikute baa ya kina Harvelle imejaa sura zote za zamani. Ikabidi wabaki na Bobby kwenye kiti nje ya mlango na chupa mbili za bia.

Jim Beaver, anayemwigiza Bobby, peke yake kaubeba ule mkusanyiko wote. Mzee yule apewe maua yake.

---

Trenchcoat_Nairobi

Korona haikuzuia sauti kwenye simu. Korona haikuzuia mabawa kusikika. Tungepewa hata mlio wa mabawa nje ya fremu tungetulia.

---

Mwanakombo_wa_Pwani

Nyinyi endeleeni na majonzi, mie nina kesi yangu na watu hawa tangu msimu wa 2. Lile jini! Eti jini kakaa kwenye ghala, mwili umejaa michoro ya tatuu, akikugusa unaingia ndotoni unaishi maisha uliyoyatamani, huku yeye anakunyonya damu kidogo kidogo mpaka ufe. Nikamwambia dada yangu, huyu si jini, huyu ni kupe. Sisi huku majini tunayajua: yana kabila, yana dini, yana uvumba yanaoutaka na siku yanayotaka. Lile lingefika Pwani lingetumwa dukani.

Lakini ile episodi yenyewe ni nzuri, usicheke. Dean anapewa mama yake hai, anakata nyasi za uwanjani kwao, anakula sandwichi, ana raha. Kisha anachagua kutoka. Mkitaka mwisho wa kweli wa Dean, mimi ningeweka pale.

---

mwanaKariakoo

"Lingetumwa dukani" 😭😭 bibi wewe hapana

---

Fundi_Redio

Hakuna anayezungumzia wigi? Sawa, nalisema mimi.

Sam anazeeka. Tunaonyeshwa miaka inapita, ana mtoto wa kiume kampa jina Dean, kuna mwanamke nyuma huko wamemfifisha uso hata hatujui ni nani. Halafu kamera inageuka, Padalecki ana nywele za mvi zimekaa kama ufagio wa chelewa uliosahauliwa mvuani. Wimbo unapigwa, nataka kulia, macho yanarudi kwenye zile nywele. Tamthilia ya episodi 327 hawana bajeti ya wigi?

Na yule mwanamke. Eileen alikosa nini? Mwindaji kiziwi, jasiri, Sam anampenda waziwazi, wamemfufua msimu huo huo wa 15. Chuck anawafuta watu wote duniani, Eileen akiwemo, Jack anawarudisha wote. Kisha kimya. Kumweka mke mwenye ukungu wakati mke tunaye ni dharau.

---

binti_Makadara

Fundi, kwa wigi sina utetezi. Lile linastahili kesi.

Kwa Eileen naona walitaka kila mtu aweke anayemtaka. Na mimi namuweka Eileen, nani atanizuia? Lakini tazama kingine wakati wa ile miaka: Sam mzee anashuka gereji, anafunua turubai, anakaa peke yake ndani ya Impala, kashika usukani. Gari halikuuzwa. Na yule kijana Dean ana tatuu ile ile ya kuzuia mapepo mkononi, ina maana baba kamfundisha. Kitandani mtoto anamshika mkono babake, anamwambia anaweza kwenda sasa. Maneno yale yale Sam aliyompa kaka yake bandani. Mzee wa Impala anasema wa baadaye hawajui kupanda kitu mapema kije kuvunwa. Hicho ni nini?

---

Mzee_wa_Impala

Hicho ni kizuri, nakipa heshima yake. Lakini kilipandwa dakika ishirini kabla. Kiaskari kilikuwa na utoto mzima nyuma yake.

Na tuwe wakweli, mbinguni Dean anafanya nini? Anaendesha gari. Wimbo wa Kansas unaanza, "Carry On Wayward Son", ule uliotufungulia episodi ya kumaliza msimu karibu kila mwaka, anakanyaga mafuta mpaka anafika darajani, Sam anatokea. Wamerudi palepale: ndugu wawili na Impala. Hata waandishi wa 2020 walipokwama walikimbilia kwenye gari la Kripke.

---

binti_Makadara

Namba ya gari uliiangalia? KAZ 2Y5. Namba ya Kansas, ya msimu wa kwanza, waliyoivua walipokuwa wanasakwa na FBI wakaweka ya Ohio. Dean anaiona mbinguni, anafurahi kama mtoto. Gari limerudishiwa jina lake. Hilo Kripke hakuandika.

Tena huo mwisho wako wa 2010 haujafungwa. Sam kaangukia kwenye shimo na Mikaeli ndani ya mwili wa Adam, ndugu yao wa kambo, Dean kaenda kuishi kwa mpenzi wake Lisa na mwanawe Ben kama alivyoahidi, wanakula chakula cha usiku. Nje, taa ya barabarani inazima, na nani kasimama chini yake anachungulia dirishani? Sam. Mwisho gani huo wenye maiti nje ya dirisha?

---

Mzee_wa_Impala

Ile taa mimi naihesabu ni sekunde ya kwanza ya msimu wa 6. Kwangu nikifika Dean anakaa mezani, nazima.

---

Trenchcoat_Nairobi

😂 Huyu mzee anakata filamu kwa mkasi kama yuko kwenye bodi ya filamu

---

Mgeni_2005

Samahani wakubwa, nimesoma kila kitu na sijali kujua mapema. Nimemaliza msimu wa 5 wiki hii. Niendelee au nimsikilize Mzee niishie hapo?

---

Chumvi_ya_Mawe

Endelea, mdogo wangu. Hata Mzee mwenyewe anaendelea kila mwaka, asikudanganye.

Ila twende kwa akili. Msimu wa 6 una episodi ya 15, Sam na Dean wanatupwa kwenye dunia yetu hii, wanakuta wao ni waigizaji wanaoitwa Jared na Jensen kwenye tamthilia inayoitwa Supernatural. Hiyo usiikose. Msimu wa 7 una wale mazimwi Leviathan, kuna sehemu utachoka, vumilia. Mwisho wa msimu wa 8 malaika wote wanaanguka kutoka mbinguni usiku, anga limejaa moto, na kwa picha tu sijaona mwisho wa msimu unaoufikia. Msimu wa 11, episodi ya 4 inaitwa "Baby", yote imepigwa picha kutoka ndani ya Impala, kamera haitoki nje ya gari mwanzo mwisho. Mzee huwa hapendi tukiitaja kwa sababu inamharibia hoja. Na ya 13 ya msimu wa 14, ndiyo episodi ya 300, John Winchester anarudi, familia inakaa meza moja kwa usiku mmoja.

Lakini njiani utakutana na msimu wa 7 episodi ya 10, ya Bobby. Ana risasi kichwani, yuko hospitali, anakimbia ndani ya kumbukumbu zake kutafuta mlango. Hiyo usiitazamie kwenye daladala.